Amiri Abdulkadir na Usiku wa Mvua

Jina la Amiri Abdulkadir wa Aljeria nililisikia kwanza barazani, baada ya Isha, nami ni mtoto wa chuo. Wazee wetu walimsifu kwa upanga. Kijana wa miaka 24, mwana wa shekhe wa Kadiriya, alipewa bai'a huko Mascara mwaka 1832, akapambana na Wafaransa miaka 15. Nami nilipenda farasi na bunduki kama watoto wote. Leo nimekwisha pita hamsini, nina watoto na wajukuu, na kinachonishughulisha zaidi ni usiku mmoja tu, wa Desemba 1847.

Usiku huo Amiri alikuwa mpakani mwa Moroko. Nyuma yake jeshi la Sultani wa Moroko, mbele yake Wafaransa, na mvua kubwa inanyesha. Yeye na wapanda farasi wake wangaliweza kupenya wakaingia jangwani. Lakini kambini alikuwako mama yake, Bi Zohra, na mkewe Khayra, binti wa ami yake, na watoto, na majeruhi, na wajane wa waliokufa vitani. Hao wangepita vipi? Tena alikwisha kuumwa: Mei 1843, naye hayuko, Wafaransa waliivamia Smala, ule mji wake wa mahema, wakateka watu kiasi cha 3,000, na vitabu vyake alivyokusanya kwa miaka vikapotea.

Basi akakubali kuweka silaha chini kwa sharti moja, kwamba yeye na jamaa zake wapelekwe Iskandaria au Akka. Mvua ikazuia kuandika. Akapiga muhuri wake juu ya karatasi tupu, akaipeleka kwa Jenerali Lamoricière. Jenerali akaahidi, na mwana wa mfalme wa Ufaransa akaithibitisha ahadi hiyo.

Meli ikawashusha Toulon, wakafungwa.

Wapo wanaosema alikosea kumwamini adui. Mimi naona aibu ni ya aliyevunja ahadi. Walimshawishi abaki Ufaransa kwa starehe na heshima, mradi awasamehe ahadi yao, akakataa. Wakamhamisha Pau, kisha ngome ya Amboise, kando ya mto Loire, yeye na watu wake waliozoea jua. Watu 25 wa jamaa na wafuasi wake, wakiwamo watoto, walizikwa katika bustani ya ngome hiyo.

Louis-Napoléon alimwachia Oktoba 1852. Amiri akakaa Bursa, kisha mwaka 1855 akahamia Damascus, huko Sham, akasomesha. Julai 1860 fitina ikazuka mjini, Wakristo wakawa wanauawa na nyumba zao kuchomwa. Mzee huyu, aliyefungwa na Wakristo karibu miaka mitano na kuzika watoto kwao, alitoka barabarani na Wamaghribi wake, wanawe wakiwamo, akawaleta Wakristo nyumbani kwake hadi nyumba ikajaa. Akatangaza fedha kwa kila atakayemletea Mkristo hai. Maelfu waliokoka. Haki ya jirani aliijua mtu huyu!

Alifariki Damascus tarehe 26 Mei 1883, akazikwa karibu na Ibn Arabi. Mwaka 1966 Aljeria, ikiwa huru, iliirudisha mifupa yake Algiers. Wale 25 wamebaki Amboise.