Finch Hatton: Kutoka uwanja wa gofu hadi medani ya vita

KATIKA Milima ya Ngong, magharibi mwa jiji la Nairobi, upo mnara wa mawe uliochongoka kuelekea mbinguni. Chini yake amezikwa Denys Finch Hatton, Mwingereza ambaye wengi humfahamu kutokana na filamu ya Out of Africa ya mwaka wa 1985 kama mpenzi wa mwandishi Karen Blixen. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya mapenzi hayo alikuwa mwanamichezo wa chuo, na baadaye askari.

Alizaliwa Aprili 24, 1887, katika ukoo wa makabaila. Akiwa shuleni Eton alitia fora katika kriketi, na alipojiunga na Chuo cha Brasenose huko Oxford akakiwakilisha chuo kikuu hicho katika gofu dhidi ya Cambridge. Vitabu havikumshughulisha mno, kwani alihitimu kwa shahada ya daraja la nne. Mnamo 1911 alitua Afrika Mashariki na kununua ardhi karibu na Eldoret.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka Agosti 1914, walowezi walimiminika Nairobi na farasi na bunduki zao ili kujiandikisha. Finch Hatton alijiunga na kikosi cha upelelezi cha rafikiye Berkeley Cole, kilichokuwa na Wasomali wengi. Baadaye akawa msaidizi wa Jenerali Reginald Hoskins, aliyekabidhiwa mapema 1917 uongozi wa majeshi ya Uingereza dhidi ya Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Alitunukiwa nishani ya Military Cross, na Hoskins alipohamishiwa Mesopotamia, ambayo ni Iraq ya leo, alifuatana naye.

Hata hivyo, vita hivyo havikubebwa na mabingwa wa kriketi na gofu. Barabara zilikuwa haba na mbung'o waliangamiza farasi na ng'ombe wa kukokota mizigo, hivyo chakula na risasi vikabebwa vichwani na Waafrika, wengi wao wakiwa wameandikishwa kwa lazima. Walikufa kwa maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililozaa jina la mtaa wa Kariokor.

Baada ya vita, Finch Hatton aliwaongoza matajiri katika safari za uwindaji, akiwemo mrithi wa ufalme wa Uingereza mwaka wa 1928. Alipokuwa Nairobi aliishi kwa Blixen, katika nyumba ambayo sasa ni makavazi mtaani Karen. Aidha, alipinga hadharani tabia ya kuwafyatulia wanyama risasi kutoka ndani ya magari.

Mnamo Mei 14, 1931, ndege yake ndogo ilianguka Voi mara tu baada ya kupaa. Aliangamia pamoja na mtumishi wake, Kamau. Nduguye ndiye aliyemjengea mnara ule wa Ngong.

Katikati ya jiji, kwenye Barabara ya Kenyatta, zimesimama sanamu tatu za shaba zilizozinduliwa 1928 kuwaenzi askari na wapagazi wa vita vivyo hivyo. Mnara wa Ngong una jina la mtu mmoja. Sanamu hizo, zinazowakilisha maelfu, hazina jina la hata mmoja wao.