Tabibu aliyeitoa nyumba yake wakfu

Kila mwaka huwataka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanitajie tabibu mmoja wa Kiislamu. Darasa zima hujibu Ibn Sina, wachache huongeza Ar-Razi. Sijapata kumsikia hata mmoja akimtaja Ad-Dakhwar wa Damascus, na kwa hili siwalaumu, maana hata mimi nilimkuta nikiwa nimeshafika chuo kikuu.

Jina lake ni Muhadhab ad-Din Abdur-Rahim bin Ali. Alizaliwa Damascus mwaka 1170. Baba yake alikuwa tabibu wa macho, na yeye alianzia kazi hiyohiyo. Huku akitibu macho alikuwa akinakili vitabu, na inaelezwa kuwa alinakili kwa mkono wake zaidi ya vitabu 100. Kisha akasoma tiba kwa Ar-Rahbi na kwa Ibn al-Mutran, aliyekuwa tabibu wa Sultani Salahuddin.

Aliijua thamani yake. Alipotakiwa kumtumikia Sultani Al-Adil, ndugu yake Salahuddin, kwa dinari 30 kwa mwezi, alikataa, kwa kuwa tabibu mwenzake wa daraja lake alikuwa akilipwa 100. Alisubiri, na mwenzake huyo alipofariki alipewa nafasi yake. Baadaye akawa mkuu wa matabibu wote wa Misri na Sham. Katika uongozi wake matabibu wa macho walipimwa ujuzi wao, na aliyefaa akaandikiwa hati.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kufundisha. Asubuhi alikuwa katika hospitali ya An-Nuri, iliyojengwa mwaka 1154, akizunguka kwa wagonjwa pamoja na Imran, tabibu wa Kiyahudi. Wanafunzi waliwafuata nyuma wakisikiliza wanavyojadiliana juu ya maradhi na dawa. Jioni wanafunzi walikuja nyumbani kwake kwa makundi. Mmoja alisoma, naye ameshika nakala yake akilinganisha neno kwa neno, na pembeni ameweka kamusi za Kiarabu na kitabu cha mimea. Kosa la herufi moja katika jina la dawa si jambo dogo, huweza kumuua mtu.

Uzeeni ulimi wake ukawa mzito hata maneno yakawa hayaeleweki. Hakuacha darasa. Wanafunzi walijadiliana mbele yake, na palipokwama aliandika jibu kwenye ubao wakasoma.

Zama hizo madrasa za mji zilikuwa za fiqhi, Hadithi na Qur'an. Tiba ilisomwa hospitalini au nyumbani kwa tabibu, na tabibu akifa darasa nalo limekwisha. Ad-Dakhwar hakuwa na mtoto. Mwaka 1225 aliiweka nyumba yake wakfu iwe madrasa ya tiba. Hapa ndipo ninapokaa sana na wanafunzi wangu: hakutoa nyumba tupu. Aliiwekea mashamba na mali nyingine ili mapato yake yalipe matengenezo, mshahara wa mwalimu na posho ya wanafunzi. Mtaani kwetu ipo nyumba ya wakfu ambayo paa lake linavuja tangu nikiwa mtoto, kwa sababu aliyeitoa, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, hakuitengea hata chumba kimoja cha kupangisha.

Alifariki mwaka 1230 akazikwa katika mlima Qasiyun. Madrasa ilifunguliwa rasmi mwaka 1231, mbele ya makadhi na wanazuoni, na mwalimu wake wa kwanza akawa mtoto wa yule Ar-Rahbi aliyemsomesha.

Miongoni mwa wanaohesabiwa kuwa wanafunzi wake ni Ibn an-Nafis, aliyekuja kueleza jinsi damu inavyopita katika mapafu. Huyu alihamia Cairo, na alipofariki mwaka 1288 aliiachia hospitali ya Al-Mansuri nyumba yake na vitabu vyake.