Bibi Zainab alihiji na miaka 65

Jumapili iliyopita tulikaa nyumbani kwa khalati yangu, Bondeni, hapa Nakuru. Kibaridi cha magharibi kimeshaanza, chai ya tangawizi inazunguka, na mjadala ni mmoja tu: aende Hija au asiende? Khalati ana miaka 71, ana sukari, na goti lake la kulia likigoma hugoma katikati ya ngazi. Aliletwa huku kutoka Mombasa akiwa bi harusi. Pesa za Hija amezidunduliza kwa mahamri ya asubuhi, miaka na miaka. Mwaka huu zimetimia, na mwaka huu huu mwili umeanza kumkatalia.

Binamu yangu akasema umri huo si wa kwenda mwenyewe, atafutiwe mtu wa kumhijia badali. Hapo nikamkumbuka Lady Evelyn Cobbold, nikawapa kisa chake.

Alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1867, binti wa kabaila mkubwa, Earl wa Dunmore. Utotoni familia yake ilikuwa ikikimbia baridi ya Ulaya na kukaa Algiers na Cairo. Kule Algiers akajifunza Kiarabu, akawa anawatoroka walezi wake na kuingia misikitini na wenzake wa Kialgeria. Hakusilimu kwa siku maalumu ya kutajika. Yeye mwenyewe aliona kwamba moyoni alikuwa Mwislamu tangu utotoni. Ukubwani, alipopelekwa mbele ya Papa kule Roma na kuulizwa kama ni Mkatoliki, akajikuta anajibu kuwa yeye ni Mwislamu. Jina lake la Kiislamu likawa Zainab.

Sasa tazameni maajabu ya Mungu. Mwaka 1891 aliolewa Cairo na John Cobbold, na ukoo wa Cobbold ni matajiri wa kiwanda cha pombe cha Ipswich. Walizaa watoto watatu, wakaja kutengana mwaka 1922. Yeye akabaki na shamba lake la milimani, Glencarron, akiwinda kulungu kwa bunduki, na shabaha yake ilikuwa na sifa. Mumewe akafa 1929.

Mwaka 1933 akaamua kuhiji. Alikuwa na miaka 65, mjane, na nywele nyeupe. Alipitia kwa balozi wa Saudia kule London, kisha akasubiri Jeddah, nyumbani kwa Philby, Mwingereza aliyesilimu na kuwa karibu na Mfalme Abdulaziz, mpaka ruhusa ikatoka. Alikwenda Madina kwanza, zaidi ya kilomita 400 za mchanga na mawe, halafu Makka, Mina na Arafa. Alikwenda kwa gari na dereva, wakati mahujaji wengi walikwenda kwa ngamia na kwa miguu. Kitabu chake cha safari hiyo kilitoka mwaka uliofuata. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza mzaliwa wa Uingereza ambaye Hija yake imeandikwa.

Na hakutulia. Mwaka 1935 London ikapata kitabu chake kingine, cha safari ya Kenya. Siku hizo ardhi ya huku, kutoka Naivasha hadi Njoro, ilikuwa mikononi mwa walowezi, wengine makabaila wa tabaka lake hasa. Nami kila nikipita Njoro humuwaza, Hajjat kati ya watu wale.

Binamu yangu hakushawishika. Bibi yule, alisema, alikuwa na gari, mfalme na afya ya mwindaji. Kweli. Alichelewa kuhiji kwa kupenda, khalati amechelewa kwa kukosa. Na joto si mchezo: mwaka 2024 Saudia ilitangaza vifo 1,301 vya mahujaji, wengi wao watu walioingia bila kibali na kutembea juani bila hema wala basi. Bibi Zainab alihiji mwezi wa Aprili.

Lakini badali ni ya asiyeweza kabisa na asiyetarajiwa kupona, kama yule mzee ambaye binti yake alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba babake hawezi hata kukaa juu ya mnyama. Khalati anakaa vizuri tu. Kwa wengine kuna kiti cha magurudumu kwenye tawafu, kuna vigari vya umeme kwenye sai, na mdhaifu huwakilishwa kurusha mawe. Kama gari la Bibi Zainab halikuipunguza Hija yake, kiti cha khalati kitapunguza nini? Mimi swali langu ni la sindano zake za sukari, nani atazitunza zisipate joto kule Mina.

Bibi Zainab alifariki Januari 1963, na miaka 95. Imamu alisafiri kutoka msikiti wa Woking, kusini mwa Uingereza, hadi Glencarron kwenye theluji, na mpiga zumari wa Kiskoti akapiga maombolezo. Alizikwa kilimani, uso umeelekezwa kibla.

Khalati alisikiliza yote akikanda goti lake. Kisha akatuambia Alhamisi anakwenda kwa daktari, na mwenye habari za badali angoje majibu. Mimi akanipa kazi ya kutembea naye kila alfajiri, mlangoni hadi msikitini na kurudi. Jumatatu tulipumzika mara tatu njiani. Leo mara mbili.