Al-Jazari, Fundi wa Hila za Maji

Neno mhandisi halikutujia na meli ya Mzungu. Asili yake ni handasa ya Waarabu, na neno hila nalo latoka huko huko, ingawa sisi watu wa pwani tumelionea hata likabaki na maana ya ulaghai mtupu. Kwa mabwana wa zamani, hila ilikuwa pia werevu wa kuvipanga maji, shaba na mbao mpaka vikatenda kwa pamoja jambo ambalo kila kimoja peke yake hakiliwezi. Elimu ya namna hiyo vyuo vikuu vya leo huiita uhandisi wa mifumo. Wanapotajwa waasisi wake, msomaji mpenzi, aghalabu husikia majina ya Marekani na Ulaya ya karne ya 20. Leo napenda tumkumbuke mmoja aliyetangulia sana, aliyekitia kitabu chake anwani yenye maneno hayo mawili, hila na handasa.

Jina lake ni Badi al-Zaman Abul-Izz Ismail bin al-Razzaz al-Jazari. Al-Razzaz ni mwuza mchele, na al-Jazari ni mtu wa al-Jazira, ile nchi iliyo baina ya mito ya Dajla na Furati. Mengi ya tunayoyajua juu ya maisha yake ameyaandika mwenyewe katika dibaji ya kitabu hicho. Alianza kuwatumikia wafalme wa ukoo wa Artuq mnamo mwaka 570 Hijria, yaani kama 1174. Kwanza baba, kisha mwana mkubwa, kisha mdogo wake, Nasir al-Din Mahmud. Mwaka 1183 Salah al-Din al-Ayyubi aliuteka mji wa Amid na kuwakabidhi Waartuq, na hapo ndipo fundi wetu alipofanya kazi zake kubwa. Mji huo leo waitwa Diyarbakir, nao uko Uturuki.

Mfalme Mahmud, yasemekana kitabuni humo, hakupenda mtumishi wala kijakazi ammiminie maji ya udhu. Akamwomba fundi amtafutie njia. Al-Jazari akaunda sanamu ya mtumishi iliyoshika birika: ndege hupiga mluzi, maji yakatoka kwa kiasi, na yakiisha mkono wa pili hushuka ukamnyoshea mfalme taulo na kioo. Ndani hamna jini wala uchawi, ni matangi, mirija na vielea.

Lakini kazi inayomfichua zaidi ni saa ya ndovu. Ndani ya tumbo la ndovu muna tangi la maji, na juu ya maji pana bakuli lenye tundu dogo. Bakuli hujaa polepole kwa muda wa nusu saa, kisha huzama ghafla na kuvuta kamba. Kamba huachia gololi, gololi ikaanguka kutoka mdomo wa kipanga hadi kinywa cha nyoka. Nyoka, kwa uzito huo, huinamia chini, na kule kuinama kwake ndiko kunakoliinua bakuli kutoka majini, likamwaga maji na kuelea upya. Gololi hudondoka, mchunga ndovu akampiga mnyama wake, na nyoka akarudi juu kungoja nusu saa nyingine. Tazama basi: kuzama kwa bakuli ndiko kulikomleta nyoka, na nyoka ndiye amwokoaye bakuli. Ukiondoa kimoja, vyote vimesimama.

Saa yake kubwa yenye umbo la ngome ilikuwa na taabu nyingine. Zamani hizo mchana, uwe mrefu uwe mfupi, uligawanywa sehemu 12 sawa. Sisi tulio karibu na ikweta, tunaohesabu saa moja baada ya jua kuchomoza, hatuionji shida hii, kwani mchana wetu haubadiliki sana. Kule Amid mchana wa kiangazi huupita wa kipupwe kwa kama saa tano! Kwa hiyo maji yalipaswa kutiririka kwa kasi tofauti kila siku. Akatumia kizibo cha kuelea kilichoshika kimo cha maji pasi na kupanda wala kushuka, na bamba la mviringo lenye alama za buruji 12, ambalo kwalo tundu la kutolea maji lilisogezwa juu au chini kwa kufuata siku. Wazee waliomtangulia walikuwa wameacha vipimo vyao. Alivijaribu, akaona havisemi kweli, akapima upya mwenyewe, alama kwa alama.

Ipo pia pampu yake iliyozungushwa na mto wenyewe, yenye mitungi miwili, mmoja ukivuta maji na mwenziwe ukisukuma, hadi kimo cha kama dhiraa ishirini. Hapo naona manufaa kuliko katika vyombo vya karamu za ulevi wa wafalme, ambavyo navyo vimo kitabuni, sitaficha.

Siku hizi wapo wanaomwita baba wa roboti. Mimi sipendi sifa za namna hiyo. Yeye mwenyewe aliwataja waliomtangulia, Arkimedi wa Wayunani na wana wa Musa wa Baghdad, akasema alichokipokea kwao na alichokirekebisha. Sifa yake iko penginepo. Mfalme alipomwambia aandike ili kazi zisipotee, alieleza vyombo 50, kimoja kimoja, kwa vipimo na michoro yenye herufi kwenye kila kiungo: namna ya kusubu shaba katika mchanga, ya kubandika mbao zisipinde, ya kusaga kizibo kwa msasa hata tone lisipite. Aliandika kwa fundi atakayekuja, asiyemjua.

Nasema haya kwa uchungu. Mjomba wangu alikuwa akiunda majahazi bila ya karatasi. Vipimo vyote vilikuwa kichwani mwake na katika shubiri za mkono wake. Wanawe walimsaidia kushika mbao, walakini hawakuulizwa wala hawakuuliza. Alipofariki, jahazi moja lilikuwa ufukoni nusu yake imekwisha, na mbavu zake zilipasuliwa kuni.

Al-Jazari alimaliza kitabu Januari 1206, mwaka 602 Hijria, na mwaka huo huo ndio uhesabiwao kuwa wa kufa kwake, Mola amrehemu. Nakala iliyoandikwa mwaka ule ule ingali Istanbul, katika maktaba ya jumba la Topkapi. Mwaka 1974 Donald Hill, mhandisi Mwingereza aliyejifunza Kiarabu, alikitoa kwa Kiingereza. Miaka miwili baadaye, palipofanywa tamasha ya ulimwengu wa Kiislamu mjini London, mafundi wa jumba la makumbusho ya sayansi waliifuata sura ya saa ya ngome, wakaiunda kwa ukubwa wake, wakatia maji. Ikaenda.