Mzee Kenyatta Naye Alibeba Boksi

Siku ukipata nafasi panda District Line hapa Barking, ushuke Victoria, utembee kidogo mpaka Cambridge Street, nyumba namba 95. Ukutani kuna kibao cha buluu chenye jina la Jomo Kenyatta. Wengi tunamjua Mzee kwa sura yake kwenye noti za zamani za Kenya. Lakini humo ndani, kati ya 1933 na 1937, alikuwa mwanafunzi kama sisi, kodi ya nyumba inamngoja na mfukoni hamna kitu.

Alizaliwa miaka ya 1890, akaitwa Kamau wa Ngengi. Mwaka 1909 aliingia shule ya misheni ya Waskoti pale Thogoto, akajifunza kusoma na useremala. Baadaye akawa msoma mita za maji Nairobi. Mwaka 1929 chama cha Kikuyu Central Association kilimtuma London kupeleka kilio cha ardhi. Alirudi nyumbani 1930, akaja tena 1931, na safari hii akakaa miaka 15. Michango ya chama ilimfikisha Uingereza, ila haikutosha kumweka miaka yote hiyo. Ilibidi ajitafutie.

Basi akafanya kila kilichopatikana. Mwaka 1934 alilipwa kuigiza kama chifu mdogo katika filamu ya Sanders of the River, filamu iliyousifia ukoloni aliokuja kuupinga. Njaa haina mswalie! Kuanzia 1935 hadi 1937 aliuza sauti yake: idara ya fonetiki ya University College London ilimlipa awe msemaji wao wa Kikikuyu, huku naye akisoma masomo yake hapo hapo. Kutokana na kazi hiyo, Lilias Armstrong aliandika kitabu cha fonetiki ya Kikikuyu. Kilitoka kwa jina la Armstrong peke yake, ingawa Kenyatta alidai naye alistahili kutajwa kama mwandishi.

Hapo ndipo penye somo. Kwa msaada wa fedha wa International African Institute aliingia darasa la Malinowski pale LSE, ingawa vyeti vya kawaida hakuwa navyo. Safari hii insha zake hakumwachia mtu. Mwaka 1938 zilitoka kama kitabu, Facing Mount Kenya, na juu ya jalada jina ni lake, Jomo Kenyatta. Vita vilipoanza akahamia Storrington, akalima kwenye shamba la watu na kutoa mihadhara. Akarudi Kenya 1946. Mwaka 1963, akiiongoza nchi kwenye uhuru, aliifanya Harambee kuwa wito wa taifa. Aliijua vizuri, maana na yeye alisafirishwa kwa michango. Alifariki 1978.

Kwa hiyo mwenzangu unayerudi na treni ya alfajiri kutoka shifti, masaa yako 20 ya wiki yameisha na karo bado, usione aibu. Boksi beba, ila lisile muda wa kitabu, kwa sababu huko nyumbani kuna watu waliochanga. Na ukiandika cha kwako, hakikisha jina lako lipo juu yake.