Swynnerton na Hesabu ya Mbung'o wa Shinyanga



Anayeshuka katika kiwanja cha ndege cha Shinyanga, kilichopo Ibadakuli, hukuta nchi ya Wasukuma iliyo wazi, ya mashamba na ng'ombe. Miaka 100 iliyopita sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa pori, na ndani ya pori walikaa mbung'o. Kwa kuuma kwao ng'ombe hupata nagana, na binaadamu huweza kupata malale.

Leo tunaeleza maisha ya mtu aliyefanya kazi huko, Charles Francis Massy Swynnerton. Hakuwa Muislamu, na alikuja akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Tunayataja haya mapema ili msomaji ayajue. Hata hivyo, njia ya elimu iliyofuatwa chini yake imetufaa sisi watu wa visiwani, kama tutakavyoona.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1877. Akiwa kijana alihamia kusini mwa Afrika, akasimamia shamba karibu na msitu wa Chirinda, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Huko alishughulika na ndege, mimea na wadudu. Alitaka kujua kwa nini ndege huwala vipepeo fulani na kuwaacha wengine. Hakutosheka na kudhani. Aliwafuga ndege, akawapa kipepeo mmoja baada ya mwingine, akaandika walichokula na walichokikataa.

Mwaka 1919 aliingia Tanganyika kusimamia idara ya wanyamapori. Malale yalipozuka upande wa Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1920, alikwenda kuchunguza, na aina ya mbung'o iliyotambuliwa huko ikapewa jina lake, Glossina swynnertoni. Kisha akaanza majaribio Shinyanga. Mtemi Makwaia alimuunga mkono na kuwatoa watu wake kwa maelfu kufyeka vichaka. Majani yaliachwa yakauke sawasawa ndipo yachomwe, ili moto uwe mkali na uondoe vichaka ambavyo mbung'o hujificha. Baadaye Swynnerton akawa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, makao yakiwa huko Shinyanga.

Hapa ndipo palipokuwa na mtihani. Pori likishafyekwa, utajuaje kuwa mbung'o wamepungua kweli? Huenda mshikaji alikuwa mvivu siku hiyo. Huenda kulikuwa na baridi, mbung'o wakatulia. Kutomuona mdudu si dalili kwamba hayupo.

Jawabu alilitafuta mmoja wa wataalamu wa idara hiyo, C. H. N. Jackson. Mbung'o walikamatwa, wakatiwa nukta za rangi, wakaachiwa waende zao. Baada ya siku kadhaa walikamatwa wengine, wakahesabiwa wenye alama. Chukulia mfano: umewatia alama 200. Ukirudi ukakamata 100 na kukuta 10 wana alama, basi wenye alama ni sehemu moja ya kumi, na jumla ya mbung'o porini inakadiriwa kuwa 2,000. Lakini mbung'o hufa, na wengine huzaliwa bila alama. Jackson alifuata wiki baada ya wiki namna fungu la wenye alama linavyopungua, akakadiria pia wanaokufa na wanaozaliwa. Makala zake, kuanzia mwaka 1933 hadi 1948, zilikuwa miongoni mwa za mwanzo katika elimu ya takwimu kuhusu viumbe wasiohesabika kwa macho.

Swynnerton alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya mbung'o wa Afrika Mashariki mwaka 1936. Mwezi Juni 1938 alifariki katika ajali ya ndege hapo Tanganyika, pamoja na mtaalamu wa mimea B. D. Burtt. Juu ya kitabu lipo jina la mkurugenzi. Wasukuma waliofyeka pori na waliotembea juani kuwakamata mbung'o hawapo hapo, ilhali bila ya wao hesabu isingepatikana. Uadilifu unatutaka tuwakumbuke na wao.

Sasa tuje nyumbani. Unguja nayo ilikuwa na mbung'o, hasa msitu wa Jozani na pembezoni mwake, na ng'ombe wetu wakiumwa. Kuanzia mwaka 1994 madume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa. Walitiwa rangi, ili mtegoni wajulikane mbali na wa porini. Ni mlango ule ule wa hesabu: wangapi wana alama, wangapi hawana. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, lakini mitego haikuondolewa papo hapo. Ilikaguliwa mpaka mwaka 1997, ndipo likatangazwa neno kwamba Unguja haina mbung'o.

Wanafunzi wa Usuul wanaijua kanuni hii: mwenye kuthibitisha hutangulizwa juu ya mwenye kukanusha, kwa kuwa ana ziada ya elimu. Kukanusha hupata nguvu pale kunapojengwa juu ya uchunguzi uliotimia. Neno "hakuna" ni ushahidi, na ushahidi una masuala mbele ya Allaah. Mara ngapi tunasema hakuna maradhi mtaani, hakuna mwenye njaa, hakuna mtoto anayeacha madrasa, na hatujatoka kuhesabu?

Basi mzazi ambaye mwanawe anapenda hesabu asimwambie kuwa hiyo si elimu yenye kheri. Amfunze nia njema na ukweli katika kila namba anayoiandika.

Wa Allaahu A'lam.