Walter Tull: Mchezaji Aliyeifia Vita

Vijana wetu wa Iringa na Mbeya wanaopenda mpira wanawajua wachezaji wengi wa Uingereza. Huyu tunayemweleza hapa huenda si wengi wanaomjua, ingawa huko kwao anakumbukwa kwa heshima kubwa.

Walter Tull alizaliwa tarehe 28 Aprili 1888 katika mji wa Folkestone. Baba yake, Daniel, alikuwa seremala mweusi kutoka kisiwa cha Barbados, na wazee wake walikuwa wamepata kuwa watumwa. Mama yake, Alice, alikuwa Mwingereza. Mama alifariki mwaka 1895, na baba akamfuata mwaka 1897. Mama wa kambo hakuweza kuwatunza watoto wote, kwa hiyo Walter na kaka yake Edward walipelekwa London katika nyumba ya yatima ya Wamethodisti. Baadaye Edward alichukuliwa na jamaa moja ya Glasgow. Walter alibaki, akajifunza kazi ya kupiga chapa.

Mwaka 1908 alianza kuchezea Clapton, timu ya wachezaji wasiolipwa, na mwaka uliofuata Tottenham Hotspur walimwajiri. Alikuwa miongoni mwa watu weusi wa kwanza kucheza katika daraja la juu la Uingereza. Lakini Oktoba 1909, walipocheza Bristol, baadhi ya watazamaji walimtukana vibaya kwa ajili ya rangi yake. Yeye aliendelea kucheza kwa utulivu. Mwaka 1911 alihamia Northampton Town, akacheza huko michezo zaidi ya 100.

Vita vilipoanza, aliacha mpira. Desemba 1914 alijiunga na kikosi kilichoundwa kwa ajili ya wachezaji, akapanda hadi cheo cha sajini. Mwaka 1916 alipigana Somme, Ufaransa. Mwaka huo huo vita hivyo vilipita katika nchi yetu ya juu: majeshi ya Waingereza yaliingia Iringa mwezi Agosti, na wapagazi wengi Waafrika wakafa kwa maradhi na uchovu.

Kanuni za jeshi zilimzuia mtu asiye wa ukoo wa Kizungu kuwa afisa. Hata hivyo wakubwa wa Tull waliona uwezo wake, na Mei 1917 akawa Luteni Usu, akiongoza askari wazungu. Huko Italia, Januari 1918, aliwavusha askari 26 mto Piave usiku kuwaendea adui, akawarudisha wote salama. Jenerali wake alimsifu kwa maandishi.

Tarehe 25 Machi 1918, huko Ufaransa, alipigwa risasi akafa. Alikuwa na umri wa miaka 29. Askari wake, mmoja wao Tom Billingham aliyekuwa golikipa wa Leicester, walijaribu kuuchukua mwili wake huku risasi zikimiminika, wakashindwa. Kama wapagazi wetu wengi, hana kaburi linalojulikana. Jina lake limechongwa Arras, na mwaka 1999 mnara wa kumbukumbu yake ulizinduliwa Northampton.

Wale wa Bristol walitazama rangi yake tu. Wale waliokaa naye mahandakini walimjua, wakawa tayari kufa kwa ajili ya maiti yake. Vijana, mwendapo uwanjani siku ya mchezo, likumbukeni hilo kabla ya kufungua kinywa kumtukana mchezaji wa upande wa pili.